Maombi ya Vyeti kwa Viwavi wa Kabichi

Kitengu Juu,
Mgeta, Morogoro.
Alhamisi.

Kwa Ndugu Hashimu Kibwana,
Mwenyekiti,
Kikundi cha Wakulima wa Mboga Kitengu.

YAH: KUPULIZIWA DAWA TUTA LA KULA LA BI REGINA LUKWELE SIKU YA JUMAMOSI, PAMOJA NA MAOMBI YA VYETI KWA VIWAVI

Ndugu Mwenyekiti,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya ni kudhani kwamba kiwavi huzoea dawa kama mlevi anavyozoea pombe: leo kikombe, kesho kibuyu, mpaka siku moja anamaliza debe na kurudi nyumbani akiimba. Sivyo. Kiwavi mmoja hazoei kitu. Anapuliziwa, anakufa, habari yake imekwisha. Anayebaki ni yule aliyezaliwa na tumbo linaloweza kuivunja dawa. Huyo hukua, hugeuka kuwa nondo, yaani yule kipepeo mdogo wa kijivu, hutaga mayai, na watoto wake huzaliwa na tumbo la mzazi wao. Kwa hiyo hapa kijijini hakuna kiwavi aliyejifunza. Kuna koo za viwavi zilizofaulu na koo zilizozikwa. Naomba uishike tofauti hiyo, maana barua yangu yote imesimama juu yake.

Baada ya hayo, naipokea shikamoo uliyonipa Jumapili pale kwenye mfereji. Ulipita haraka na bomba mgongoni, sikuwahi kukujibu. Marahaba. Nyumbani kwangu wote hawajambo, isipokuwa dada yangu Regina, ambaye tangu kikao cha Jumanne hana raha.

Kwa faida ya wajumbe ambao hawakuhudhuria na watasomewa barua hii, nieleze kidogo. Kila kaya ya Kitengu hulima kabichi mahali pawili. Lipo shamba la soko, lile la kwenye ngazi za mlima, ambalo hupuliziwa dawa. Na lipo tuta la kula, karibu na jiko, ambalo halipuliziwi kamwe. Mtoto wa hapa huijua tofauti hiyo kabla hajajua kuhesabu. Akitumwa mboga akachuma kwenye shamba la soko, kwanza hupigwa kofi, kisha hunawishwa mikono. Hatukuandika sheria hiyo popote. Tumeinyonya.

Sasa msimu huu viwavi wameshinda kwenye mashamba ya soko, na lori linarudi mjini na matenga matupu. Kikao kikatafuta mwenye hatia, kikampata: matuta ya kula. Ikasemwa kwamba wadudu hujificha humo, kisha hutoka kuja kutumaliza. Likapita azimio kwamba kila tuta la kula ling'olewe au lipuliziwe. Wewe mwenyewe, kwa kutoa mfano, uling'oa la kwako siku hiyo hiyo. Wengine wakafuata. Amebaki Regina. Jumamosi asubuhi, baada ya kikao kifupi, vijana watapanda kwake na mabomba, na akizuia ataondolewa katika zamu ya maji ya mfereji. Bila mfereji, kiangazi hiki, halimi tena. Tuta lenyewe ni la ukoo wa mama yetu, kama ardhi yote huku, na mimi juu yake nina sauti ya kaka tu. Lakini kaka huruhusiwa kuandika.

Nilikuwepo kikaoni. Regina alisimama akakwambia, "Wapulizie viwavi wako. Wangu waache, hawajakutukana." Ukamjibu kwa adabu, nakusifu kwa hilo, "Shangazi, viwavi hawana wako na wangu." Hapo mweka hazina wetu, Bi Chausiku, akauliza kutoka kwenye benchi la nyuma, "Kama hawana wako na wangu, mbona mnasema wanatoka kwake?" Akaambiwa akae. Akasema, "Mbona nimekaa?" Kikao kikaendelea.

Sikusudii kulipinga azimio. Mwalimu mstaafu hapingi azimio la kikao halali. Huomba tu litekelezwe mpaka mwisho wake, bila kuishia njiani. Kwa moyo huo nalalamika na kuomba kama ifuatavyo.

1. Kwamba viwavi wa Kitengu wamehitimu mafunzo ya Kikundi na hawajapewa vyeti.

Kikundi kilianza kuwasomesha kwa dawa ya kizibo chekundu. Darasa lote likafeli isipokuwa wachache, nasi tukafurahi tukasema wamekwisha. Wale wachache wakaachiwa shamba zima wale bila mshindani. Miaka yote niliyofundisha sayansi sikuwahi kuona mtihani uliopangwa vizuri namna hii: anayefeli haonekani tena darasani, na anayefaulu anapewa chakula cha wenzake wote. Tukarudia dawa ile ile, msimu kwa msimu, mpaka wanaofaulu wakawa wengi kuliko wanaofeli. Tukahamia kizibo cha bluu, mambo yakawa yale yale. Ndipo kijana wetu Mikidadi, wa duka la pembejeo, akashauri dawa zote zitiwe katika pipa moja. Vijana wakauita mchanganyiko huo mchanyato. Mikidadi aliniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Mwalimu, hii ikigusa, hata kivuli cha mdudu kinakufa." Nilikwenda shambani kesho yake. Vivuli sikuviona, labda kweli vilikufa. Wadudu walikuwepo.

Tena hii haikuwa elimu yao ya kwanza. Kabla ya sisi, walisomeshwa na kabichi yenyewe. Chukua jani bichi la haradali, ndugu yake kabichi, ulitafune taratibu na usubiri. Mwanzoni ni jani tu, kisha ukali unapanda puani. Ukali huo haukuwemo kabla hujauma. Jani huhifadhi vitu viwili katika vyumba viwili, kimoja kimoja havina neno. Jino likivunja ukuta, vinakutana na kuwaka, kama njiti na ubavu wa kiberiti. Wadudu wengi wakionja mara moja hawarudi. Lakini babu zake kiwavi wetu walipata tumbo linalokitenganisha kitu kimoja na kingine kabla havijawaka, na mtihani huo waliufanya kwa vizazi visivyo na idadi. Leo harufu ya kabichi, iliyowekwa ili kufukuza, imekuwa kibao cha njiani: nondo jike huifuata usiku ajue mahali pa kutaga. Mwanafunzi aliyepita katika shule hiyo, sisi tulitaka kumtisha kwa kizibo.

Naomba basi vyeti vitolewe, vyenye mhuri wa Kikundi. Watu wamepewa vyeti kwa kuketi semina nusu siku na kula biskuti.

2. Kwamba kabichi imekuwa ikiita wageni kijijini bila kupitia ofisi yoyote.

Hili wengi hawalijui, kwa hiyo nitalieleza polepole. Jani likiliwa na kiwavi hutoa harufu nyingine, tofauti na ile ya kila siku. Pua zetu haziijui. Lakini yupo nyigu mdogo kuliko punje ya mchele, ambaye kwake harufu hiyo ni sawa na mtu kupiga yowe. Huja, humtafuta kiwavi, humdunga na kumwekea yai ndani ya mwili. Mtoto wa nyigu hulelewa humo humo, akila kuta za nyumba yake, mpaka kiwavi hana tena cha kuendelea nacho.

Naomba Kikundi kikemee tabia hii. Nyigu hawa hawajaleta barua ya utambulisho, hawajasaini kitabu cha wageni, na hakuna mjumbe anayejua wanalala kwa nani. Nakubali kwamba mchanyato uliwashughulikia vizuri: wao walikufa siku ya kwanza, karibu wote. Hilo halinishangazi. Nyigu hali jani, na babu zake hawakuwahi kukaa katika mtihani wa sumu. Mtu mmoja tu shambani alikuwa upande wetu bila kuomba posho, na huyo ndiye tuliyeanza naye. Kazi nzuri.

3. Nyanya nazo zijieleze.

Shika shina la mnyanya, kisha tazama vidole: vimegeuka vya kijani na vinanata. Ni vinyweleo vile. Mdudu mdogo akipita juu yake hukwama kama mtu aliyekanyaga ulimbo. Lakini kantangaze, yule mdudu wa nyanya ambaye wakulima wote tunamjua kwa hasara, mtoto wake hakai juu ya jani muda wa kukwama. Hupenya akaishi kati ya ngozi mbili za jani, kama mtu aliyejilaza kati ya shuka na blanketi, na vinyweleo vinabaki nje vikilinda mlango ambao hakuna anayeupita.

Hapa lazima niwe wa haki kwa mimea. Mbegu za zamani zilikuwa chungu zaidi, kali zaidi, na ngumu. Sisi ndio tuliochagua laini, tamu, zenye kupendeza sokoni. Mlinzi tumempokonya rungu, tukampa maua ashike, kisha asubuhi tunamuuliza mbona tumeibiwa.

4. Kwamba tuta la Bi Regina linaharibu matokeo ya shule yetu.

Ndugu Mwenyekiti, katika hili niko nawe kabisa, na nitakupa hoja ambayo kikao hakikuwa nayo.

Ni kweli tuta lile lina viwavi. Nimewaona kwa miwani yangu mwenyewe. Lakini ni viwavi wajinga. Hawajapuliziwa, wala mama zao, wala bibi zao. Ukiwapulizia leo kizibo chekundu, kile tulichokitupa kwa kudharau, watakufa wengi mno. Ni kama watoto wa siku ile ya kwanza, wamebaki pale kwa Regina na hakuna aliyewafungulia daftari.

Wangekaa kwao, isingekuwa neno. Lakini jioni nondo huruka. Dume aliyehitimu katika shamba lako hushuka juu ya mfereji, hukutana na jike asiye na elimu kutoka kwa Regina, wakaoana bila mahari wala mshenga. Huku kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Nondo hawaifuati mila hiyo. Mtoto wao huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, na mara nyingi nusu haitoshi. Akipuliziwa, anakufa. Yaani kizazi tulichokigharamia kwa mabomba na vifua vya vijana wetu kinarudishwa nyuma kila jioni na tuta la bibi mmoja linaloonekana lote ukisimama mlangoni kwa jiko.

Zaidi ya hayo, wale nyigu wachache waliosalia wamehamia huko. Ndiyo sababu kabichi za Regina zina matundu kama kitambaa cha kufuma, lakini zinafunga, na zinaliwa.

Liondoe tuta hilo Jumamosi, na waliohitimu hawatakuwa na pa kuoa ila kwa waliohitimu. Kila mtoto atazaliwa na cheti mkononi. Hapo hata Mikidadi akichanganya dawa zote za duka lake pamoja na za duka la jirani, watakunywa kama chai. Nasema liondolewe. Kazi iliyobaki ni ndogo sana. Ni aibu kuiacha hapa.

5. Kwamba baada ya Jumamosi, Kikundi kiwape viwavi nafasi katika kamati.

Hawa ndio watakaokuwa wakulima wa kudumu wa Kitengu, na si haki waamuliwe mambo bila uwakilishi. Kiwavi hachelewi kikaoni, hasinzii wakati wa kusomwa muhtasari, na hajawahi kuondoka shambani kabla kazi haijaisha. Wajumbe wetu walipelekwa ziara ya mafunzo Dakawa kuona mpunga wa umwagiliaji. Walirudi na fulana. Napendekeza safari ijayo wapelekwe viwavi. Wapite Dakawa, wafike mpaka Turiani kwenye mua, wakawafundishe wale wanaotoboa mashina namna ya kuvuka mchanyato. Kijiji chetu kitajulikana. Hatujawahi kuwa mabingwa wa kitu chochote katika wilaya hii, hata mpira.

6. Kwamba dawa inapotea njiani.

Hili ndilo ombi langu la mwisho, na nimelifikiria kwa muda. Tukipulizia tuta la kula, dawa nyingine inachukuliwa na upepo, nyingine inaingia udongoni, nyingine inashuka mferejini ambako chini tunachota maji, na nyingine inamwagwa mboga ikioshwa. Inayofika kwa mlaji ni kidogo mno ukilinganisha na jasho la vijana. Watu wa Kihonda na wa mjini, wanaokula kabichi za shamba la soko, tumewapelekea dawa kwa njia hii ndefu muda wote huu, na hawajalalamika, ingawa sikumbuki kama waliwahi kuulizwa.

Naomba kwa hiyo kwamba Jumamosi vijana wasipate taabu ya kuzunguka nyuma ya nyumba. Wapite mlango wa mbele, waingie jikoni kwa Regina, wafunue sufuria, wapulizie humo. Wajukuu wake wataketi wakingoja, hawana haraka. Kama kikao kitaona ombi hili ni kali mno, naomba kikao kiniandikie mpaka kati ya tuta la kula na sufuria uko wapi hasa, maana nimeutafuta tangu Jumanne na mimi si mtu asiyejua kutafuta.

Ndugu Mwenyekiti, sina chuki nawe. Wewe ni mchapakazi, na uliongoza ujenzi wa mfereji wetu vizuri kuliko waliokutangulia. Naelewa pia kwamba mtu aliyepoteza kabichi zake huhitaji kumpulizia mtu mwingine dawa, ni maumbile. Naomba tu, likitekelezwa, litekelezwe na watu wanaojua wanachokifanya.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati. Msalimie Katibu, umwambie muhtasari wake ulikuwa mzuri ila neno "teketeza" lilitumika kupita kiasi. Msalimie Bi Chausiku, aendelee kukaa. Msalimie Mikidadi na vivuli vyake. Wasalimie vijana wa mabomba, na uwakumbushe wafunge pua na midomo, maana wao ndio wanaoinywa dawa hii kabla ya mdudu.

Mimi niliye tayari kuhudhuria mahafali ya viwavi siku yoyote itakayopangwa,

Mwl. Wilfred Lukwele (mstaafu).

Nyongeza:

Barua hii nilikwisha kuitia sahihi, nikampelekea Regina aisikie. Hakunisikiliza mpaka mwisho. Nilipofika namba 4 akaniambia, "Kaka, maneno mengi. Kwani Hashimu hajui kama Zuhura wake ana tuta nyuma ya banda la mbuzi? Miche si alichukua hapa kwangu?" Nikamuuliza alichukua lini. Akasema, "Mumewe alipong'oa tu lile la jikoni. Ulifikiri mle ndani watakula nini, maazimio?"

Kisha akanitajia na wengine, wake kwa waume. Mmoja amepanda kati ya migomba, mwingine ndani ya ua wa choo cha zamani, na wa tatu ni mjumbe wa kamati aliyeliunga azimio mkono kwa kunyoosha mikono miwili. Majina siyaandiki. Nasema tu kwamba, kwa hesabu yangu, wenye matuta ya kula yaliyofichwa wanatimiza akidi ya kikao cha Jumamosi na ziada, na kwa hiyo Kikundi kinaweza kulifuta azimio lake bila kumwita mtu wa nje. Likibaki, basi linasema kila tuta, na haki itataka vijana waanzie kwa Mwenyekiti.

Kwa hiyo nazifuta hoja zangu, kuanzia namba 1 hadi 6. Niliandika nikiamini kwamba katika Kitengu wanaojua kuponyoka tunapokosea ni viwavi peke yao. Sivyo. Watu wamewashinda, tena hawakuhitaji kufa kwanza. Vyeti sivitaki tena. Regina asiondolewe katika zamu ya maji, na Zuhura hana haja ya kujificha mbuzini.

Leo hii, kabla hujaligusa bomba, nenda nyuma ya banda la mbuzi, geuza jani moja la kabichi ya mkeo, utazame chini yake, kisha uamue viwavi hao ni wako au wa Regina.